Faili Moja, Anwani Mbili: Tuwafundishe Vijana Kutafsiri Njia za Faili

Sisi tuzungumzao Kiswahili tumezoea kuishi na saa mbili. Mtu akituambia tukutane saa tatu asubuhi, mshale wa saa yake ya ukutani unaonyesha tisa, wala haoni ajabu. Kanuni ni rahisi: ongeza sita au toa sita. Lakini kanuni hiyo ina tundu lake. Muulize mzee wa pwani maana ya "usiku wa Ijumaa", naye atakuambia kuwa ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, kwa kuwa katika hesabu yake siku mpya huanza jua linapokuchwa. Mwenye kuanza siku yake saa sita ya usiku ataufikiria usiku mwingine kabisa. Ndiyo maana watu waangalifu husema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Kosa hapa halitokani na kujumlisha wala kutoa. Linatokana na kutojua siku ya mwenzako huanzia wapi.

Nimeanza na habari ya saa kwa sababu jambo ninalotaka kulijadili ni la namna iyo hiyo. Jambo lenyewe ni njia ya faili, yaani anwani inayoiambia kompyuta mahali faili ilipo, na jinsi ya kuitafsiri anwani hiyo kutoka namna ya mfumo endeshi mmoja kwenda namna ya mfumo mwingine. Kazi hii hufanywa kwenye mstari wa amri, pale ambapo mtumiaji huandika amri kwa herufi badala ya kubofya vijipicha. Huenda wapo watakaosema kuwa hilo ni jambo dogo la mafundi. Mimi nasema ni jambo la elimu ya msingi kwa kila kijana atakayefanya sayansi, na kwamba tunalifundisha vibaya pale tunapolifundisha.

Wakati nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, kompyuta za maabara yetu zote zilitumia Linux. Niliporudi nyumbani, ofisi na shule nilizozitembelea zilitumia Windows. Wanafunzi wangu huandika ripoti zao katika Windows, kisha huhitaji programu za kisayansi ambazo nyingi zimezaliwa na kulelewa katika Linux. Kila siku, basi, wanavuka mpaka. Na kama ilivyo mipakani, asiyejua lugha ya upande wa pili hupoteza mizigo.

Chanzo cha tofauti

Tazama anwani hizi mbili:

D:\Mvua\Machi\vipimo.csv

/mnt/d/Mvua/Machi/vipimo.csv

Zote mbili zaweza kuelekea kwenye faili moja. Ya kwanza ni ya Windows, na ya pili ni ya Linux iendeshwayo ndani ya Windows. Mwanafunzi huona upesi kwamba mkwaju umegeuka: kule ni mkwaju wa nyuma (\), na huku ni mkwaju wa mbele (/). Kwa nini iwe hivyo? Sababu ni ya kihistoria, wala si ya kimaumbile.

Mfumo wa Unix ulianza kutungwa mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs huko Marekani, na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Katika mfumo huo mna mzizi mmoja tu, unaoandikwa kwa mkwaju mmoja wa mbele. Diski zote, ziwe moja au kumi, hupachikwa kama matawi ya mti huo mmoja. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilifuata utaratibu huo.

Ukoo wa pili una asili nyingine. Mfumo wa CP/M, uliobuniwa na Gary Kildall mwaka 1974, uliipa kila diski herufi yake. MS-DOS, iliyotoka mwaka 1981 pamoja na kompyuta ndogo ya IBM, ilifuata desturi hiyo. Herufi A na B zilikuwa za diski laini, na C ikaja kuwa ya diski ngumu. Diski laini zimekwisha kutoweka mezani mwetu, lakini Windows bado huanzia C, kama familia inayoendelea kuliacha wazi kiti cha babu.

Toleo la kwanza la MS-DOS halikuwa na folda ndani ya folda. Mkwaju wa mbele, kwa hiyo, ulikuwa umepewa kazi nyingine: kutangulia vichaguo vya amri, kama katika DIR /W. Toleo la pili lilipoleta folda mwaka 1983, mkwaju wa mbele ulikuwa tayari umeajiriwa, na mkwaju wa nyuma ukachukuliwa kushika nafasi yake. Windows ilirithi uamuzi huo, nasi tumeurithi pamoja nayo.

Kuna mkasa mwingine unaoonyesha kuwa alama si kitu cha kuaminiwa peke yake. Katika orodha ya herufi iliyotumika Japani, nafasi ya 92, ambayo katika orodha ya Kimarekani ni ya mkwaju wa nyuma, ilipewa alama ya yeni. Kwa sababu hiyo, watumiaji wa Windows wa Kijapani walizoea kuona anwani za faili zimetenganishwa kwa alama ya fedha yao. Kompyuta haikuona tofauti yoyote, kwa kuwa yenyewe husoma namba, haisomi umbo.

Kugeuza mkwaju hakutoshi

Hapa ndipo lilipo kosa letu la ufundishaji. Mwalimu akiulizwa namna ya kubadili anwani ya Windows iwe ya Linux, mara nyingi hujibu: "Geuza mikwaju." Mwanafunzi mtiifu huigeuza na kupata hii:

D:/Mvua/Machi/vipimo.csv

Programu nyingi za Windows zitaikubali anwani hii. Linux itaisoma kwa namna nyingine. Kwa kuwa haikuanza na mkwaju, Linux haitaianzia kwenye mzizi. Itatafuta, ndani ya folda aliyomo mtumiaji wakati huo, folda yenye jina la "D:". Isipoipata, italalamika, na hilo ni heri. Balaa hutokea mwanafunzi anapotumia programu yenye desturi ya kujitengenezea folda isiyokuwapo. Programu hiyo itaunda folda iitwayo "D:", itaandika matokeo humo, na kunyamaza. Kijana atachomoa flashi yake akiamini kuwa matokeo yamo ndani yake, kumbe yamebaki katika kompyuta ya maabara.

Huyu ni sawa na mtu aliyetoa sita katika saa bila kujua siku inaanzia wapi. Alama ameibadili, na mzizi ameuacha.

Jambo la pili ni kwamba alama zina maana nyingine nje ya anwani. Katika mstari wa amri wa Linux, mkwaju wa nyuma huiambia kompyuta: "Herufi inayonifuata ichukue kama ilivyo." Ukiandika C:\Users\Asha bila kinga yoyote, mikwaju humezwa, na kinachobaki ni C:UsersAsha. Katika lugha nyingi za kuandikia programu, mkwaju wa nyuma ukifuatwa na n humaanisha mstari mpya, na ukifuatwa na t humaanisha kuruka nafasi ya jedwali. Sasa mchukue mwanafunzi wetu aliyeziita folda zake kwa Kiswahili safi:

D:\nyaraka\takwimu

Programu yake itasoma D na nukta pacha, itaanza mstari mpya, itaandika "yaraka", itaruka nafasi, kisha itamalizia kwa "akwimu". Mwenzake aliyeiita folda yake "Mvua" yamkini hatapatwa na mkasa huo. Bila kujua sababu, wawili hao wataamini kuwa kompyuta ina upendeleo, na elimu itakuwa imegeuka ramli.

Jambo la tatu ni kwamba majina yenyewe hayavuki mpaka yote. Linux hukataza katika jina la faili mkwaju wa mbele, na ile herufi tupu yenye namba sifuri. Windows hukataza alama zaidi, zikiwamo nukta pacha, kiulizi na nyota. Faili iliyoitwa "Vipimo 12:30" katika Linux haina jina kama hilo upande wa pili. Kadhalika, "Ripoti" na "ripoti" ni faili mbili mbalimbali katika Linux, ilhali Windows kwa kawaida huziona kuwa moja.

Zana zipo, na hazidai malipo

Wataalamu waliokabiliwa na matatizo haya walitunga zana za kuyatatua. Mradi wa Cygwin, ulioanzishwa mwaka 1995 na kampuni ya Cygnus ili programu za jamii ya Unix ziweze kutumika katika Windows, una amri iitwayo cygpath. Microsoft nayo ilitangaza mwaka 2016 utaratibu wa kuendesha Linux ndani ya Windows, ujulikanao kwa kifupi kama WSL, na humo imo amri ya wslpath. Mwanafunzi huandika:

wslpath -u 'D:\Mvua\Machi\vipimo.csv'

naye hujibiwa:

/mnt/d/Mvua/Machi/vipimo.csv

Akitaka kurudi upande wa Windows, hutumia -w mahali pa -u. Akitaka anwani ya Windows yenye mikwaju ya mbele, ambayo haitagongana na maana nyingine za mkwaju wa nyuma, hutumia -m. Amri ya cygpath hutumia herufi hizo hizo, ila diski ya D huiweka chini ya /cygdrive/d badala ya /mnt/d.

Sababu ya zana hizi kushinda kugeuza mikwaju kwa mkono ni kwamba zenyewe zinaijua ramani. Zinajua diski ya D imepachikwa wapi katika mti wa Linux. Amri ya wslpath inajua pia kwamba faili iliyomo ndani ya Linux yenyewe haina herufi ya diski, na hivyo huipa anwani inayoanza kwa mikwaju miwili ya nyuma, mfano wa anwani ya kompyuta nyingine katika mtandao. Hakuna mtu angeweza kulibuni hilo kwa kugeuza alama tu.

Hata hivyo, zana bila ufahamu ni hatari, nami nina ushahidi wa aibu juu ya hilo. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa amekusanya vipimo vya mvua vya miezi sita kutoka vituo vitatu. Vipimo vya kweli vilikuwa katika folda iitwayo "Mvua". Kando yake palikuwa na folda ya kujifunzia, "Mvua ya majaribio", ambayo alitaka kuifuta ili apate nafasi. Aliponiuliza, nilimwandikia amri hii ubaoni kwa haraka:

rm -r $(wslpath 'D:\Mvua ya majaribio')

Tafsiri ilikuwa sahihi. Lakini Linux hutumia nafasi tupu kutenganisha neno na neno katika amri, nami sikuifunga anwani iliyotafsiriwa ndani ya alama za kunukuu. Kwa hiyo amri ya kufuta ilipokea vitu vitatu: /mnt/d/Mvua, na "ya", na "majaribio". Ililalamika kwamba viwili vya mwisho haikuviona. Cha kwanza ilikifuta bila kuuliza, na amri hiyo haina pipa la taka la kurudia. Alama mbili tu zingalituokoa:

rm -r "$(wslpath 'D:\Mvua ya majaribio')"

Vituo viwili tulivirejesha, kwa kuwa madaftari ya vipimo yalikuwapo, na kijana alikaa wiki tatu akiingiza tarakimu upya. Daftari la kituo cha tatu lilikuwa limekwisha kutupwa. Mvua ile ilinyesha, ikapimwa, na sasa hakuna mtu awezaye kusema ilikuwa milimita ngapi. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemfundisha amri bila kumfundisha jinsi amri inavyosomwa.

Hoja za wanaopinga

Wapo walimu wenzangu wanaosema kuwa mambo haya yamepitwa na wakati. Simu, wanasema, humletea kijana picha zake bila kumwonyesha anwani yoyote, na ukitaka faili unaitafuta kwa jina. Hoja hii ina ukweli kwa mtumiaji wa kawaida. Lakini mtafiti mwenye faili 200 za vipimo, anayetaka kila moja isomwe na programu kwa utaratibu ule ule, hawezi kuzitafuta moja moja kwa kidole. Programu yake inahitaji anwani. Isitoshe, anwani iliyofichwa haijatoweka. Ipo, na mtu mwingine ndiye anayeishika kwa niaba yetu.

Wengine husema tuchague mfumo mmoja na kuufunga mjadala. Laiti ingewezekana! Shule hupokea kompyuta kwa bajeti au kwa msaada, na mara nyingi hazichagui. Hata kama shule ingekuwa na mfumo mmoja, mwanafunzi atakwenda chuoni, kazini au nchi nyingine na kuukuta mwingine. Hatukuliacha hesabu ya saa ya Kiswahili kwa kuwa tikiti za ndege huandikwa kwa hesabu nyingine. Tulijifunza zote mbili, na hiyo ni nguvu yetu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: kwamba shule nyingi hazina kompyuta za kutosha, na tuna mambo ya haraka zaidi. Naiheshimu hoja hii. Lakini sehemu kubwa ya somo hili haihitaji kompyuta hata moja. Inahitaji ubao na chaki.

Nini kifanyike

Kwanza, mwalimu na achore mti. Mzizi mmoja wa Linux upande huu, na miti ya Windows, kila mmoja na herufi yake, upande ule. Wanafunzi wafuate kwa kidole njia kutoka mzizi hadi jani, kisha waiandike. Halafu wachore mshale unaoonyesha mti wa D umepachikwa kwenye tawi gani la mti wa Linux. Aliyeuona mshale huo hatadhani tena kuwa tafsiri ni kugeuza mikwaju.

Pili, kila anwani inapotafsiriwa, wanafunzi wajiulize maswali matatu: Njia hii inaanzia wapi? Alama gani inatenganisha sehemu zake? Na je, mna alama yoyote ambayo msomaji wa upande wa pili ataielewa vingine? Maswali haya matatu yatamtumikia kijana hata mifumo ya leo itakapokuwa imesahauliwa.

Tatu, penye kompyuta, wazoee kutumia zana ya kutafsiri na kufunga kila anwani kwa alama za kunukuu. Na kabla ya amri yoyote ya kufuta, waendeshe kwanza amri ya kuorodhesha, ls, kwa anwani ile ile. Kama nilivyojifunza kwa gharama ya mwingine, kuangalia huchukua nukta chache tu.

Nne, tuwafundishe kuepuka haja ya kutafsiri kila inapowezekana. Majina ya faili na folda yawe ya herufi ndogo, bila nafasi tupu wala nukta pacha: mvua_machi, si "Mvua: Machi". Programu na data zake zikae katika folda moja, na anwani iandikwe kwa kuanzia hapo, mathalani data/mvua_machi.csv. Anwani ya namna hii haitaji mzizi wa mtu yeyote, na lugha nyingi za programu huielewa pande zote mbili. Ni kama kumwelekeza mgeni aliye uani mwako: humtajii mkoa wala wilaya, unamwambia chumba cha pili kushoto.

Walimu wenzangu, tunawafundisha vijana kugeuza sentimita kuwa mita, selsiasi kuwa kelvini, na saa yetu kuwa saa ya wengine. Katika yote hayo hatukubali mwanafunzi akariri tu kanuni. Tunamtaka ajue sifuri ya kila kipimo iko wapi. Selsiasi na kelvini zina nyuzi za ukubwa sawa, na tofauti yake ni pale zinapoanzia. Njia za faili nazo zina sifuri yake, ambayo ni mzizi. Tukimwonyesha kijana mzizi, mikwaju atajigeuzia mwenyewe.

Daftari la kituo cha tatu halitarudi. Kila mwaka sasa, kabla sijawaandikia wanafunzi wapya amri yoyote ubaoni, nachora kwanza miti miwili na mshale mmoja kati yake. Huchukua dakika kumi. Nawaomba wenzangu nao wazitoe dakika hizo.